Kompyuta ya Shaba Kutoka Chini ya Bahari

Najua nimekimya kwa wiki kadhaa, na najua kuna makala ya hifadhidata niliyoahidi. Itakuja. Leo nimeamua kuandika historia kidogo, na wa kulaumiwa ni binamu yangu.

Wiki iliyopita alituma kwenye kundi la familia ile orodha ya vitu kumi "ambavyo havikupaswa kuwepo". Mnaijua. Ilianza kuzunguka kwa barua pepe enzi za saiba, sasa inazunguka kwa WhatsApp, na picha ni zilezile. Kuna helikopta iliyochongwa kwenye hekalu la Misri, plagi ya gari ndani ya jiwe la miaka nusu milioni, na betri ya Baghdad. Mwisho wa orodha huwa ni uleule: wageni kutoka anga za mbali walitutembelea. Binamu akaniuliza, "Wewe umesoma kompyuta, hii unaielezaje?"

Nikamjibu moja baada ya nyingine. Ile plagi iliokotwa mwaka 1961 huko milima ya Coso, California, na wakusanyaji wa plagi za zamani (kumbe wapo!) waliitambua kuwa ni Champion ya miaka ya 1920 iliyoganda kwenye udongo na kutu. Helikopta ya Abydos ni maandishi juu ya maandishi. Mafundi wa Farao Seti I walichonga vyeo vyake, mwanawe Ramesses II akaagiza vizibwe kwa plasta na vyake vichongwe hapohapo, kisha baada ya karne nyingi plasta ikabanduka na alama za wote wawili zikabaki zimechanganyikana. Kama umewahi kufungua faili ambalo nusu limeandikwa juu ya jingine, umeshaiona helikopta hiyo.

Lakini katika orodha yake kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikuweza kukifuta. Ni cha kweli. Kipo kwenye Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Athens na ukifika unaweza kukiangalia. Watu wa fani yetu wanapaswa kukijua kuliko wanavyolijua jina la Bill Gates.

Ilikuwa mwaka 1900. Wapiga mbizi wa sifongo kutoka kisiwa cha Symi, nahodha wao akiwa Dimitrios Kontos, walijificha dhoruba kwenye kisiwa kidogo cha Antikythera, kati ya Krete na bara la Ugiriki. Upepo ulipotulia wakaona wajaribu bahati hapohapo. Elias Stadiatis akavaa lile suti zito lenye kofia ya shaba, akashuka kama mita 45, na baada ya muda mfupi akavuta kamba arudishwe juu. Alisema ameona lundo la maiti za watu na farasi chini ya maji. Kontos akashuka mwenyewe. Zilikuwa sanamu za marumaru na shaba, shehena ya meli iliyozama kabla ya Kristo kuzaliwa.

Serikali ya Ugiriki ilituma meli ya jeshi la majini na kazi ikaendelea hadi 1901. Haikuwa kazi ya mchezo. Mpiga mbizi mmoja alifariki na wawili wakapooza, maana wakati huo watu hawakuelewa vizuri jinsi hewa inavyouumiza mwili ukipanda haraka kutoka kina kirefu. Kila ninaposoma habari za chombo hiki nakumbuka kwamba kuna aliyekufa akikitoa, naye hakujua anatoa nini.

Sanamu zikapelekwa Athens na watu wakazishangilia. Pembeni kulikuwa na bonge la kutu lenye ukubwa wa kitabu kinene ambalo hakuna aliyelijali. Mwaka 1902 mwanaakiolojia Valerios Stais akaona ndani yake gia. Gia yenye meno!

Hapa lazima nieleze kwa nini jambo hilo liliwashtua watu. Gia za mbao za kinu cha maji ni jambo moja. Gia ndogo za shaba iliyochanganywa na bati, zenye meno ya pembetatu yaliyokatwa kwa tupa, zilizopangwa kwa uwiano wa hesabu, ni jambo jingine kabisa. Vitu vya aina hiyo Ulaya inavijua kutoka kwenye saa za karne ya 14. Meli hii ilizama kama mwaka 60 au 70 KK. Kuna pengo la zaidi ya miaka 1,300. Ni kama ukichimba choo kwenu kijijini ukute simu, na karibu yake vyungu vya babu wa babu yako.

Baadhi ya wasomi wa mwanzo walifanya kile ambacho sote hufanya tukiona kitu kisichoeleweka: walisema hakihusiani, kimeanguka kutoka meli nyingine ya baadaye. Wengine wakasema ni astrolabu tu. Kikawekwa.

Aliyekifufua ni Derek de Solla Price, Mwingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1959 aliandika kwenye jarida la Scientific American akikiita kompyuta ya kale ya Wagiriki. Mwaka 1971 yeye na Mgiriki Charalampos Karakalos wakakipiga picha za mionzi, na 1974 Price akatoa kitabu kizima. Baada yake wakaja Michael Wright wa Makumbusho ya Sayansi ya London na Allan Bromley, mwalimu wa sayansi ya kompyuta kutoka Sydney (tuna mwenzetu humo!). Halafu mwaka 2005 ikaletwa Athens mashine ya eksirei yenye uzito wa tani 8, kwa sababu vipande haviruhusiwi kutoka, basi hospitali ikamfuata mgonjwa. Matokeo yalichapishwa kwenye Nature mwaka 2006 na 2008. Leo vipande vinavyojulikana ni 82, gia zilizosalia ni 30, na ndani ya kutu zimesomwa herufi zaidi ya 3,000, nyingine ndogo kama herufi za karatasi ya dawa.

Sasa tuingie ndani yake, maana hapa ndipo mimi hukosa usingizi.

Fikiria sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 34 hivi, upana 18, unene kama 9. Ubavuni kuna mkono wa kuzungushia. Mbele kuna uso wa duara wenye kalenda ya Misri ya siku 365 na nyota za zodiaki, na mishale inayoonyesha jua na mwezi, pamoja na kijitufe kinachogeuka nusu cheusi nusu cheupe kuonyesha mwezi ni mchanga au umekamilika. Unazungusha mkono, siku zinapita. Ukitaka kujua mwezi utakuwa wapi miaka mitano ijayo, zungusha tu.

Tatizo la kwanza la programu hii ni kwamba mwezi na mwaka havigawanyiki. Ila watu wa Babeli waligundua kwamba miaka 19 inakaribiana sana na miandamo 235 ya mwezi. Tofauti ni saa 2 hivi. Katika miaka hiyo 19 mwezi unazunguka mbele ya nyota mara 254, yaani 235 jumlisha 19. Kwa hiyo mshale wa mwezi lazima uzunguke mara 254 wakati wa jua unazunguka 19. Utafanyaje kwa gia?

Fundi alifanya hivi. Gia ya meno 64 inazungusha ya 38. Kwenye mhimili wa hiyo ya 38 kuna gia ya 48, inayozungusha ya 24. Kwenye mhimili wa hiyo ya 24 kuna ya 127, inayozungusha ya 32. Chukua kalamu: 64/38 mara 48/24 mara 127/32. Jibu ni 254/19 kamili, bila desimali inayobaki. Ile 127 inaonekana kama namba ya ajabu hadi uigawanye 254 kwa mbili. Ni namba tasa, hakuna njia ya kuikwepa, kwa hiyo kuna mtu aliketi na tupa akaligawa duara sehemu 127 kwa mkono. Jaribu kuligawa chapati sehemu saba sawa kwanza, halafu uje tuzungumze.

Nyuma ya sanduku kuna nyuso mbili kubwa zilizojiviringa kama konokono. Ya juu ina vyumba 235 katika mizunguko mitano, ndiyo ile kalenda ya miaka 19, na ndani yake kuna kijiduara kinachoonyesha michezo ya mwaka huo, Olimpiki ikiwemo. Ya chini ina vyumba 223 katika mizunguko minne, na hii ndiyo inayonishika. Kila baada ya miandamo 223, yaani miaka 18, siku 11 na saa 8 hivi, kupatwa kwa jua au mwezi hujirudia kwa namna ileile. Kwenye vyumba vyenye hatari ya kupatwa waliandika alama: jua au mwezi, na saa.

Zile saa 8 za ziada zinasumbua. Kwa muda huo dunia inajigeuza theluthi moja, hivyo kupatwa kunakorudi huonekana upande mwingine wa dunia. Fundi akaongeza kijiduara kidogo chenye sehemu tatu. Moja ni tupu, ya pili imeandikwa 8, ya tatu 16. Ni saa za kuongeza. Baada ya duru tatu, miaka 54 na mwezi mmoja hivi, zile theluthi zinatimiza siku nzima na kivuli kinarudi karibu na pale kilipokuwa. Mtu ambaye hakuelezwa angeziona namba 8 na 16 pale akadhani ni urembo.

Halafu kuna kitu ambacho hata sasa nikikiwaza natabasamu peke yangu kwenye matatu. Mwezi hauendi kwa mwendo mmoja. Kuna siku unaharakisha, kuna siku unapunguza. Sisi tunajua ni kwa sababu njia yake ni duaradufu, mambo ya Kepler mwaka 1609. Wao hawakujua hivyo, lakini waliuona mwendo wenyewe, na Hipparchus alikuwa ameutafutia hesabu katika karne ya 2 KK. Ndani ya sanduku kuna gia mbili za meno 50 kila moja, zimelaliana, ila vitovu vyake vimepishana kwa kama milimita 1. Moja ina pini, nyingine ina mpasuo, na pini inateleza ndani ya mpasuo. Kwa wastani zinakwenda sawa, lakini ndani ya kila mzunguko moja huitangulia nyingine kisha husubiri. Ndiyo mwezi huo! Na kwa kuwa ile sehemu ya mwendo kasi yenyewe huhama polepole angani, jozi nzima imebebwa juu ya gurudumu la meno 223 linalozunguka mara moja kwa karibu miaka 9. Gurudumu hilohilo linaendesha na uso wa kupatwa kwa jua. Sehemu moja, kazi mbili.

Je, ni kompyuta? Tumebishana sana kazini. Mimi nasema ni kikokotoo. Huwezi kukipa programu nyingine, programu yake imo kwenye meno. Lakini aliyekibuni alikuwa mwanaprogramu, hilo silibishanii na mtu. Hiyo pini na mpasuo ni kazi ya mtu aliyefuta na kuanza upya mara nyingi. Hakuna anayepata kitu kama hicho kwa jaribio la kwanza.

Hapo ndipo ninapoachana na orodha ya binamu. Chombo hiki kilikuwa na ndugu. Cicero, aliyeishi karne hiyohiyo ya 1 KK, anataja tufe la namna hii lililotengenezwa na Archimedes na kuchukuliwa Sirakusa na jemadari Marcellus mwaka 212 KK, na jingine la rafiki yake Posidonius wa Rhodes. Shaba ilikuwa mali. Kitu kikiharibika kiliyeyushwa, kikawa sufuria au silaha. Hiki kilipona kwa sababu kilizama mahali ambapo hakuna muuza vyuma chakavu angekifikia. Na elimu yenyewe haikukatika kabisa: kuna saa ya jua ya Bizanti ya karne ya 6 hivi yenye kalenda ya gia, kuna sanduku la gia la mwezi alilolieleza al-Biruni karibu mwaka 1000, kuna astrolabu ya Isfahan yenye gia ya mwaka 1221 hivi ambayo sasa iko Oxford. Giovanni Dondi alipomaliza saa yake ya sayari huko Padua mwaka 1364, alikuwa na wazee waliomtangulia. Pengo la miaka 1,300 lina mawe ya kuvukia.

Sasa niseme jambo ambalo orodha zile hazisemi. Kwetu huku Afrika mchezo huu wa "hawa hawangeweza" umechezwa sana, tena si kwa mzaha. Karl Mauch alipofika Great Zimbabwe mwaka 1871 alisema ni kazi ya Malkia wa Sheba. David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walichimba wakaonyesha ni kazi ya Waafrika wenyewe, lakini serikali ya Rhodesia iliendelea kubana wataalamu hata mwanaakiolojia Peter Garlake akaondoka nchini mwaka 1970. Hapa kwetu, James Kirkman alipochimba Gedi baada ya 1948 kitabu chake cha 1954 kiliuita mji wa Waarabu. Ilichukua hadi uchimbaji wa Mark Horton kule Shanga, kisiwa cha Pate, miaka ya 1980, kuona misikiti imejengwa juu ya misikiti, ya chini kabisa ikiwa ya miti, ya karne ya 8, katika kijiji kilichokua polepole mahali hapohapo. Mji haukushuka kutoka dauni ukiwa umekamilika. Kwa Wagiriki wageni wa angani walitajwa juzi juzi kwenye orodha. Kwetu walitajwa kwenye vitabu vya shule.

Lakini na mimi si msafi. Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo nilipewa programu ya mikopo ya ushirika mmoja wa wafugaji wa maziwa. Aliyeiandika alikuwa ameondoka, hakuacha maelezo hata mstari mmoja, na nikaambiwa hakuwahi kukanyaga chuo kikuu, alijifunza mwenyewe. Nikaifungua kwa dharau. Majina ya vigeu yalikuwa a1, a2, a3. Na katikati ya hesabu ya tarehe kulikuwa na mstari unaoongeza 8. Haukueleza nane ya nini. Nikacheka, nikaufuta, nikaandika "nimesafisha kosa", nikaenda kunywa chai.

Mwisho wa mwezi, watu karibu mia mbili walipata ujumbe kwenye simu kwamba wamechelewesha mikopo. Mmoja wao alikuwa mama aliyekuwa akisubiri mkopo wa karo; ukakataliwa kwa sababu mashine ilisema ana deni. Simu hazikukatika. Mzee wa uhasibu akaja mezani kwangu, akavuta kiti.

"Kijana, umegusa zile nane?"

"Nimezitoa mzee. Zilikuwa kosa."

"Hizo ni siku za maziwa. Pesa za maziwa huingia tarehe nane. Ukikata kabla ya hapo unakata hewa."

Nikairudisha usiku uleule. Mama yule alipata mkopo wake, lakini wiki mbili baadaye, na mtoto alikuwa amekaa nyumbani siku hizo zote. Yule jamaa wa a1, a2, a3 sikuwahi kukutana naye. Nilitafuta namba yake, haikupatikana. Kwenye programu niliongeza mstari wa maelezo, na sikulitaja jina lake kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika lilikuwa nani.

Haya, turudi angani tumalizie. Jumapili tarehe 3 Novemba 2013 nilikuwa bado sekondari. Jioni jua lilipatwa. Huko Turkana lilifunikwa lote kwa sekunde chache, kwetu lilibaki kipande, nasi tukaliangalia kwa kutoboa boksi la karatasi na kutazama mwanga unaoanguka ukutani. Wikiendi hii niliandika programu fupi, mistari isiyofika thelathini, inayofanya kile tu ambacho uso wa chini wa sanduku lile unafanya: miandamo 223, duru tatu. Nikaipa tarehe ile ya 2013 na kuirudisha nyuma. Ikaniambia tarehe 2 Oktoba 1959. Nikaangalia kumbukumbu: siku hiyo kivuli kilitoka Atlantiki, kikakata Sahara, kikapita Sudan na Ethiopia, kikaishia Somalia jua likizama.

Nikaipeleka mbele. Ikasema tarehe 6 Desemba 2067, na safari hiyo kivuli kitafika Nigeria, Chad na Sudan. Nitakuwa nimevuka miaka sabini. Binamu amesema tutapanda basi pamoja.